Mwongozo kamili: jinsi Git inavyoshughulika na kila aina ya faili, na namna ya kuipanga tangu mwanzo

Wengi tumejifunza Git, programu ya kutunza historia ya mafaili ya mradi, kwa komandi tatu nne tu, `add`, `commit`, `push`, maisha yakaendelea, na kweli unaweza kukaa muda mrefu bila kuona shida yoyote kama unachoandika ni kodi peke yake. Shida inaanza siku ripo (folda ya mradi inayotunzwa na Git) inapoingiza vitu mchanganyiko, logo, PDF, video ya demo, faili la Excel kutoka kwa mteja, database ndogo ya majaribio, hapo ndo unakuta mtu kabadilisha neno moja na Git inadai faili zima limebadilika, au skripti iliyoandikwa kwenye Windows inagoma kabisa ikifika kwenye seva ya Linux, au kukloni kamradi kadogo, yaani kushusha nakala yake nzima, kunakuwa kama unashusha mfumo mzima wa kompyuta.

Chanzo cha yote hayo ni kimoja. Git haijui aina za mafaili. Haina habari kwamba `.docx` ni Word wala `.png` ni picha, yenyewe inaona baiti tu, na pale inapolazimika kuamua kama hiki ni maandishi au sio maandishi, inabahatisha. Mara nyingi inapatia, ila ikikosea inakosea kimyakimya. Kwahiyo kazi yako ni kuiambia mapema, kwenye faili moja linaitwa `.gitattributes`, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni hilo faili pamoja na yale machache ambayo lenyewe haliwezi kuyatatua.

## Kwanza ujue inahifadhije

Ukikomiti, yaani ukihifadhi toleo, Git inachukua faili zima kama lilivyo, inalipa jina kutokana na hesabu ya SHA-1 ya yaliyomo ndani, inalibana kwa zlib, inaliweka kwenye folda ya `.git`. Nimesema faili zima, sio mabadiliko tu, watu wengi wanadhani Git inahifadhi mabadiliko peke yake. Baadaye inapofanya usafi (`git gc`) au unapopushi (kupeleka kazi kwenye seva) ndo inafunga vitu kwenye pakiti, na hapo inatafuta vinavyofanana, kimoja inakiweka kamili na vingine inaviweka kama tofauti ndogo juu ya hicho.

Sasa hapo ndo aina ya faili inaanza kuuma. Kodi ya kilobaiti 50 ukiibadilisha mara mia, pakiti inakua kidogo sana, maana matoleo yote yanafanana karibu kila mstari. Lakini JPG, MP4, ZIP hivyo tayari vimeshabanwa, ukigusa kitu kidogo na kuekspoti upya, baiti karibu zote zinabadilika, Git haipati cha kufananisha. Video ya MB 40 ukiiekspoti na kuikomiti mara 20 unakaribia MB 800 za historia, na kila anayekloni anabeba mzigo wote hata kama kwenye folda anaona video moja tu. Ukiifuta kesho haisaidii, historia bado inayo.

Na ukae ukijua `.docx`, `.xlsx` na `.pptx` ni ZIP zenye XML ndani. Badilisha jina la docx liwe `.zip` ulifungue utaona mwenyewe. Ndo maana Word linatenda kama picha kwenye Git ingawa ukilifungua unaona maneno matupu.

Kuhusu kubahatisha: Git ikitaka kukuonyesha tofauti inaangalia baiti 8000 za mwanzo, ikikuta hata baiti moja ya sifuri inasema hii ni baineri, yaani sio maandishi, isipokuta inalichukulia kama maandishi. Basi. Kwa kugeuza mwisho wa mistari inakagua zaidi kidogo, ila wazo ni lilelile. Kipimo hiki kinakosea kwa pande zote mbili: kuna PDF ambazo mwanzo wake hauna sifuri hata moja, Git inaziona maandishi, na kuna mafaili ya maandishi yaliyosevwa kwa UTF-16, mtindo wa kuandika herufi kwa baiti mbili mbili, ambayo yamejaa sifuri kila baada ya herufi, Git inayaona baineri na kukunyima tofauti kabisa.

## Hatua ya 1: Angalia ulichonacho

Kabla hujaandika chochote, iulize Git yenyewe inayaonaje mafaili yako:

```
git ls-files --eol
```

Kila mstari utakupa kitu kama hiki:

```
i/lf    w/crlf  attr/text=auto   src/main.py
i/-text w/-text attr/            logo.png
i/mixed w/mixed attr/            data/orodha.csv
```

`i/` ni kilichomo ndani ya Git, `w/` ni kilichopo kwenye folda yako, `attr/` ni ulichoiambia. `-text` maana yake imeliona baineri. `mixed` ndo ya kuogopa, faili moja lina mistari inayoishia kwa mtindo wa Windows na mingine kwa mtindo wa Linux, kawaida ni la CSV au limepita kwenye mikono ya watu wawili wenye kompyuta tofauti.

Komandi nyingine ya kuikariri ni `git log --numstat --oneline`. Kwa maandishi utaona idadi ya mistari iliyoongezwa na iliyotolewa, kwa baineri utaona vistari viwili tu, `-  -  logo.png`. Ukikuta vistari hivyo kwenye faili ambalo unajua ni maandishi, hapo kuna kesi ya UTF-16.

## Hatua ya 2: Maliza suala la mwisho wa mistari

Windows inamaliza mstari kwa baiti mbili, CR na LF. Linux na macOS wanatumia LF peke yake. Kwa jicho huoni chochote, ila programu zinaona. Skripti ya bash ikiwa na CR itakupa ujumbe wa namna hii kwenye Linux:

```
/usr/bin/env: 'bash\r': No such file or directory
```

Hiyo `\r` ndo CR yenyewe, mfumo unatafuta programu inayoitwa bash yenye CR mkiani na haipo. Mtu anaweza kukaa nayo nusu siku anasakinisha bash upya.

Utakutana na ushauri mwingi wa kuseti `core.autocrlf`. Mimi siupendi, maana hiyo ni setingi ya kompyuta ya mtu mmoja, haisafiri na ripo, kwahiyo mkiwa watano mna setingi tano. `.gitattributes` inakomitiwa, inasafiri, na ndo yenye sauti ya mwisho. Anza na hii kwenye mzizi wa ripo:

```
* text=auto

*.sh    text eol=lf
*.bat   text eol=crlf
*.cmd   text eol=crlf
```

Mstari wa kwanza unasema: chochote utakachokiona ni maandishi, ndani ya ripo kiweke na LF, kwenye folda ya mtu kitoke kulingana na kompyuta yake. Mistari inayofuata inafunga yale yasiyo na mjadala, skripti za shell ziwe LF hata kwenye Windows, na `.bat` ziwe CRLF hata ukizifungulia Linux.

Angalia hilo neno `auto`. Ukilisahau ukaandika `* text` tupu, umeiambia Git kila kitu duniani ni maandishi, pamoja na picha, na itaingia ndani ya picha kubadilisha kila CR LF inayokutana nayo kuwa LF. Waliotengeneza PNG walilifikiria hili mapema, ndo maana baiti nane za mwanzo za kila PNG ni hizi:

```
89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A
```

`0D 0A` pale katikati ni CR LF, na ile `0A` ya mwisho ni LF peke yake, wameziweka makusudi ili faili likipita kwenye chombo kinachogeuza mwisho wa mistari, sahihi inaharibika na programu ya picha inakataa palepale. Yaani ukikuta PNG zimegoma kufunguka baada ya kukloni na kwa mwenzako zinafunguka, angalia baiti ya tano na ya sita kabla hujamlaumu mtu.

Kama ripo ni ya zamani, kuweka `.gitattributes` peke yake hakurekebishi yaliyokwisha komitiwa. Fanya hivi:

```
git add --renormalize .
git status
git commit -m "Sawazisha mwisho wa mistari"
```

Ifanye wakati hamna branchi (matawi ya kazi) nyingi zilizo wazi, vinginevyo utawapa wenzako migongano ya bure. Iwe komiti yake peke yake, usichanganye na kazi nyingine, halafu namba yake uiweke kwenye faili `.git-blame-ignore-revs` na kila mtu aendeshe `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`, la sivyo `git blame`, inayoonyesha nani kaandika mstari gani, itasema we ndo umeandika mradi mzima.

## Hatua ya 3: Taja baineri kwa majina

Usisubiri Git ibahatishe. Zile unazozijua ziandike:

```
*.png   binary
*.jpg   binary
*.pdf   binary
*.zip   binary
*.ttf   binary
*.woff2 binary
*.mp3   binary
```

`binary` ni kifupi cha vitu vitatu kwa pamoja, `-diff -merge -text`, yaani usionyeshe tofauti, usijaribu kumerji (kuunganisha matoleo mawili) mstari kwa mstari, usiguse mwisho wa mistari. SVG usiiweke humo, hiyo ni XML, ni maandishi, inaonekana vizuri kwenye tofauti ilimradi programu yako ya kuchora isiwe inamwaga kila kitu kwenye mstari mmoja.

Kwa mafaili ya UTF-16, mfano `.reg` zinazotolewa na Windows, tangu Git 2.21 ya mwaka 2019 kuna njia nzuri:

```
*.reg  text working-tree-encoding=UTF-16LE-BOM eol=crlf
```

Ndani ya ripo litakaa kama UTF-8 kwahiyo unaona tofauti, kwenye folda linatoka UTF-16 kama Windows inavyotaka. Sharti moja tu, kila mtu kwenye timu awe na Git ya kisasa, mwenye ya zamani hataielewa hiyo setingi na atakomiti vitu vya ajabu. Kama faili linaweza kuishi kama UTF-8 bila kuvunja chochote, libadilishe tu moja kwa moja na uachane na hii habari.

## Hatua ya 4: Fanya Word, PDF na database zionekane

Hii ndo sehemu ninayoipenda. Git inaruhusu useme "ukitaka kunionyesha tofauti ya faili hili, kwanza lipitishe kwenye programu fulani ligeuke maandishi". Inaitwa textconv. Unaandika pande mbili. Kwenye `.gitattributes`:

```
*.docx   -text -merge diff=word
*.pdf    -text -merge diff=pdf
*.sqlite -text -merge diff=sqlite
*.jpg    -text -merge diff=exif
```

(Mstari wa chini unashinda wa juu, kwahiyo kama ulishaweka `*.pdf binary` huko juu hakuna tatizo.) Kisha kwenye kompyuta yako (pandoc, pdftotext, sqlite3 na exiftool ni programu za pembeni za kusoma mafaili hayo, uwe nazo kwanza):

```
git config diff.word.textconv "pandoc --to=markdown"
git config diff.pdf.textconv "sh -c 'pdftotext \"\$0\" -'"
git config diff.sqlite.textconv "echo .dump | sqlite3"
git config diff.exif.textconv exiftool
```

Jaribu kubadilisha aya moja kwenye Word, sevu, andika `git diff`, utaona sentensi ya zamani na mpya kama vile ni kodi. Kwa picha huoni picha, ila exiftool itakutolea ukubwa, vipimo na tarehe, inatosha kujua kama kuna mtu kapunguza logo kutoka pikseli 2000 kwenda 400.

Mambo mawili hapa yanawachanganya watu. La kwanza, ile sehemu ya `git config` haisafiri na ripo, kila mtu aifanye kwake. Ni kwa usalama, ingekuwa inasafiri basi kukloni ripo ya mtu usiyemjua kungemruhusu aendeshe programu yoyote kwenye mashine yako. La pili, hii ni ya macho tu. Huwezi kumerji Word mbili kwa njia hii, wala kutengeneza patchi.

Kama una nafasi ya kuchagua fomati tangu mwanzo, chagua inayosomeka. Jedwali dogo liwe CSV badala ya xlsx. Nyaraka ziwe Markdown, na ukiandika, kila sentensi ianze mstari wake, maana Git inahesabu mistari na aya ya mstari mmoja mrefu ukigusa koma yote inaonekana mpya. Ikiwa umeshachelewa, `git diff --word-diff` inaokoa. Anayeshikilia LibreOffice anaweza kusevu kama `.fodt` au `.fods`, ni XML tupu bila kubanwa, sio nzuri kusoma ila ni afadhali mara mia.

Mafaili ya Jupyter (`.ipynb`, madaftari yenye kodi na matokeo yake) ni kesi ya peke yake. Ni JSON, kwahiyo Git inaridhika kabisa kwamba ni maandishi, lakini ndani yamo matokeo ya kila seli, picha zimegeuzwa kuwa mistari mirefu ya herufi, na namba inayobadilika kila ukiendesha seli hata kama hujagusa kodi. Mkiwa wawili mmeendesha daftari lilelile, mgongano upo, guaranteed. Sakinisha nbstripout, ndani ya ripo andika `nbstripout --install`, itakuwa inafuta matokeo kabla ya kukomiti huku kwenye folda yako yakibaki. Ukitaka pia kuona tofauti kwa mpangilio wa seli, ongeza nbdime.

## Hatua ya 5: Mafaili makubwa

GitHub inakupa onyo ukipushi faili linalozidi MB 50 na inakataa kabisa linalozidi MB 100. Ila usingoje kukataliwa, kipimo changu ni hiki: baineri ambayo itabadilika mara kwa mara na inazidi MB chache, isikae kwenye Git ya kawaida. Fonti ya MB 3 isiyobadilika milele, iache tu ikae, haina madhara. PSD (faili la Photoshop) ya MB 3 ambayo mbunifu anaigusa kila siku, hiyo itoe.

Dawa iliyozoeleka ni Git LFS, ilitoka mwaka 2015. Inachofanya ni kuweka faili halisi kwenye seva ya pembeni na ndani ya Git kubakiza kikaratasi cha mistari mitatu:

```
version https://git-lfs.github.com/spec/v1
oid sha256:4d7a214614ab2935c943f9e0ff69d22eadbb8f32b1258daaa5e2ca24d17e2393
size 12345
```

Kuianzisha:

```
git lfs install
git lfs track "*.psd"
git lfs track "*.mp4"
git add .gitattributes
git commit -m "PSD na MP4 ziende LFS"
```

Hizo alama za nukuu usiziache, ukiandika `*.psd` bila nukuu terminali yako inaweza kuigeuza kuwa majina ya mafaili yaliyopo sasa hivi tu, na PSD ya kesho haitaingia. Na `.gitattributes` ikomitiwe kabla au pamoja na mafaili yenyewe, sio baadaye, maana faili lililotangulia limeshaingia kwenye historia kama kawaida na LFS hailihamishi yenyewe.

Mwenzako akilalamika kwamba amefungua video na kukuta mistari mitatu ya ajabu, hajasakinisha LFS. Aendeshe `git lfs install` kisha `git lfs pull`. Hili linatokea sana kwenye seva za kujenga mradi pia, mradi unajengwa vizuri tu ila picha zote ni baiti 130.

LFS ina gharama zake, watoa huduma wengi wanahesabu nafasi na kiasi kinachoshushwa, na ukishaingia kutoka ni kazi. Kama shida yako ni kukloni tu kunachelewa na huhitaji historia ya kila kitu, jaribu kwanza `git clone --filter=blob:none`, hiyo inaleta orodha ya historia yote lakini yaliyomo inayashusha pale yanapohitajika. Inategemea seva iwe inaikubali.

## Hatua ya 6: Visivyotakiwa kuingia kabisa

Kanuni ni fupi: kinachoweza kutengenezwa upya kutoka kwenye kingine, hakikomitiwi. `node_modules`, `build`, `dist`, `__pycache__`, `.class`, mafaili ya mfumo kama `.DS_Store` na `Thumbs.db`, yote kwenye `.gitignore`. Na chochote chenye nywila, `.env` na ndugu zake.

Kinachowashinda wengi ni kwamba `.gitignore` haigusi faili ambalo tayari linafuatiliwa. Unaandika `build/` na bado inaendelea kuonekana. Itoe kwanza:

```
git rm -r --cached build/
git commit -m "Acha kufuatilia build"
```

`--cached` inaliacha kwenye diski yako, ila wenzako wakipuli litafutika kwao, waambie. Ukitaka kujua ni mstari gani wa ignore unaomeza faili lako, `git check-ignore -v jina-la-faili`. Nywila ikishapushiwa, kuifuta kwenye komiti inayofuata ni kujidanganya, ibadilishe hukohuko inakotumika, kwanza, kisha ndo uje ushughulikie historia.

Mafaili kama `package-lock.json` na `yarn.lock` yanatengenezwa na mashine lakini hayo yakomiti, ndo yanayohakikisha kila mtu anapata matoleo yaleyale. Yakigongana usiyahariri kwa mkono mstari kwa mstari. Tatua `package.json` kwanza, kisha endesha `npm install`, yenyewe italitengeneza upya, halafu `git add`.

Vingine vidogo vidogo: Git haifuatilii folda tupu, ndo maana watu wanaweka `.gitkeep` ndani, jina lenyewe halina maana yoyote kwa Git. Ruhusa inayokumbukwa ni ile ya kuendeshwa tu, kwahiyo kama uko Windows na skripti inakataa kuendeshwa Linux, andika `git update-index --chmod=+x install.sh` ukomiti. Na usiwe na `Logo.png` na `logo.png` kwenye folda moja, Linux itakubali, Windows na macOS kwa kawaida watakupa moja tu.

## Hatua ya 7: Baineri mbili zikigongana

Maandishi Git inayamerji kwa kulinganisha matoleo matatu, lako, la mwenzako, na lile mlilotoka nalo wote. Baineri haiwezi, inakwambia hivi:

```
warning: Cannot merge binary files: logo.png (HEAD vs. muonekano-mpya)
CONFLICT (content): Merge conflict in logo.png
```

Kwenye folda umebakiziwa la kwako. Usichague kwa kukisia, yatoe yote mawili uyaangalie kwa macho:

```
git show :2:logo.png > logo-yetu.png
git show :3:logo.png > logo-yao.png
```

Kisha `git checkout --ours logo.png` au `git checkout --theirs logo.png`, halafu `git add logo.png`, futa zile nakala mbili, komiti. Kuwa makini ukiwa kwenye rebase (kuhamishia komiti zako juu ya branchi nyingine): huko `ours` ni branchi unayohamia na `theirs` ndo kazi yako, yaani kinyume na unavyotegemea, kazi za watu zimepotea hapo.

Njia bora ni msigongane. Kwa mafaili ya wabunifu, LFS ina kufuli:

```
git lfs track "*.psd" --lockable
git lfs lock bango.psd
git lfs unlock bango.psd
```

Ukishaweka `--lockable`, PSD zote zinakuwa za kusoma tu mpaka mtu ashike kufuli. Inaudhi siku za mwanzo, ila kupoteza kazi ya mtu ya siku nzima inaudhi zaidi.

Hapa nikiri Git sio bingwa. Subversion, programu nyingine ya kazi kama ya Git, ina `svn:needs-lock` inayofanya kazi hiyohiyo, aina ya faili unaitaja kwa `svn:mime-type` na mwisho wa mistari kwa `svn:eol-style`, na kwenye folda yako unashusha toleo moja badala ya historia nzima. Perforce, nayo ya aina hiyohiyo, ndo imeenda mbali zaidi, aina ya faili ni kitu rasmi kwenye seva, msimamizi anaandika orodha kwa `p4 typemap`, akisema `binary+l` basi faili hilo linafunguliwa na mtu mmoja kwa wakati, ndo sababu studio za magemu bado zimeing'ang'ania. Kama mradi wako ni terabaiti za picha na sauti na kodi ni kipande kidogo, usilazimishe Git kwa sababu kila mtu anatumia Git.

## Hatua ya 8: Ripo imeshaharibika

Kwanza pima: `git count-objects -vH`, angalia `size-pack`. Kisha tafuta wanaokula nafasi:

```
git rev-list --objects --all |
git cat-file --batch-check='%(objecttype) %(objectname) %(objectsize) %(rest)' |
sort -k3 -n | tail -20
```

Mistari 20 ya chini ndo wakubwa wako. Kama bado unavihitaji, vihamishie LFS pamoja na historia:

```
git lfs migrate import --include="*.mp4,*.psd" --everything
```

Kama huvihitaji tena, tumia zana ya pembeni inayoitwa git-filter-repo kuvifuta kwenye historia yote. Zote mbili zinaandika historia upya, namba za komiti zinabadilika, utalazimika kupushi kwa nguvu na kila mtu akloni upya. Mtu mmoja akisahau akapushi kutoka kwenye nakala yake ya zamani, takataka zote zinarudi. Kwahiyo pangeni siku, kila mtu apushi kazi yake, weka nakala ya akiba kwa `git clone --mirror`, ndo uanze.

Ukimaliza yote, usiamini folda yako mwenyewe, ina mabaki ya zamani. Kloni upya pembeni, ikiwezekana kwenye mashine yenye mfumo tofauti na wako, na uulize faili mojamoja kwa kila aina:

```
git check-attr -a docs/mkataba.docx
git check-attr -a install.sh
git lfs ls-files
git status
```

`git status` kwenye kloni mpya inatakiwa iwe safi kabisa. Ikikuonyesha faili limebadilika na wewe hujagusa kitu, kuna faili liliingia na CRLF na halikusawazishwa, rudi hatua ya 2. Ikilalamika kwamba faili lilitakiwa kuwa kikaratasi cha LFS na sio, mtu kalikomiti bila LFS, endesha `git add --renormalize` juu ya hilo faili, komiti, mwambie asakinishe.